Nani Anavuta Nyuzi za Gauni?

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, Fundi alifanya mazoezi ya chuma. Kilikuwa tufe zito lenye mpini juu. Watu wa mazoezi hukiita ketlibeli. Kazi ya kushona ni ya kukaa na kuinama, na mgongo ulikuwa umemtesa mwaka mzima. Huko kliniki walimshauri auimarishe kwa mazoezi. Mgongo ukapona kweli. Ila viganja, jamani! Vilijaa sugu. Mwenyewe alizionea fahari, akawaonyesha hata wateja.

Jumanne hiyo fahari yote ilimtoka. Alisimama mbele ya gauni jeupe la harusi, la satini, lililovikwa sanamu ya kushonea. Kifuani uzi mmoja ulikuwa umevutika. Karibu yake, mwingine. Ubavuni, tatu.

"Wifi!" aliita. "Hebu njoo hapa."

Dada wa mumewe alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa ameishi nao mwezi mmoja, na alimsaidia kushona mapindo na vifungo.

"Umeligusa gauni hili?"

"Tangu juzi nilipopiga pasi bitana, sijaligusa."

"Una hakika?"

"Ningeligusa ningesema, wifi."

Roho ya Fundi haikutulia. Alimchungulia kucha. Zilikuwa fupi, safi. Hilo nalo likamtia shaka. Amezikata lini? Na kwa nini azikate leo? Ndivyo alivyokuwa Fundi: akishamshuku mtu, hata usafi wake ulikuwa kosa.

Bibi harusi angekuja kulichukua Jumamosi. Fundi alilifungia gauni kabatini. Ufunguo akaufunga kwenye futi ya kupimia, ile inayoning'inia shingoni mwake kutwa.

Angesubiri usiku aseme? La, hakungoja usiku. Mumewe alipoingia tu kutoka kazini, hata viatu hajavua, alimvuta pembeni.

"Dada yako ana kinyongo na mimi."

"Kinyongo gani? Jana amekushonea vifungo arobaini."

"Hicho ndicho kinachonitisha. Wema wote huo wa nini?"

Mume alicheka. "Mke wangu, hata mgongo ulipokuuma ulisema kiti kinakuonea."

Fundi hakucheka. Siku ya pili aliweka kiti chake kikitazama mlango wa jikoni. Wifi akipita na chai, anatazamwa. Wifi akiokota pini, anatazamwa. Wifi akapunguza maneno, kisha akaacha kabisa kuimba jikoni.

Alhamisi wifi aliondoka mapema kwenda kumwona shangazi mgonjwa. Fundi alibaki peke yake. Alifungua kabati, akalitoa gauni, akashona hadi saa sita. Aliposimama kulitazama, moyo ulimlipuka. Nyuzi mbili mpya, kifuani pale pale!

"Ana ufunguo wa pili," alinong'ona. "Ameingia jana nikioga." Akaamua. Leo leo mumewe atamwambia dada yake afungashe.

Wifi aliporudi, hakupewa hata nafasi ya kukaa.

"Nani amekupa ufunguo?"

"Ufunguo gani?"

"Wa kabati! Nyuzi zimevutika tena!"

Wifi aliweka mkoba chini taratibu. "Siku tatu unanikagua kucha, wifi. Unadhani sioni? Nimekukosea nini?" Machozi yakamlengalenga.

Hapo hapo mtu akabisha hodi. Alikuwa Mwalimu, jirani wa nyumba ya tatu, mama mtu mzima anayefundisha mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa.

"Nimefuata suruali yangu," alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Nikirudi baadaye?"

Lakini hakuondoka. Alikuwa ameona chuma pembeni, mpini wake umezungushiwa vipande vya kitambaa.

"Kile ni cha nani?"

"Changu," alisema Fundi.

"Nionyeshe viganja."

Fundi alisita. Mtu aliyefuata suruali anataka nini na viganja vyangu? Lakini akavitoa. Mwalimu aliomba kipande cha satini. Alikipitisha kwenye kiganja cha wifi. Kikateleza. Akakipitisha kwenye kiganja cha Fundi. Kra! Kikanasa. Uzi mmoja ukatoka nje, mrefu, mweupe.

Fundi aliutazama uzi ule, akatamani sakafu ipasuke immeze.

"Sugu hizi unazikatia nini?" Mwalimu aliuliza.

"Mkasi wa kukatia nyuzi."

"Loo! Basi ndiyo maana. Mkasi unaacha kingo kali. Na hapa umejikata kabisa, ona ngozi nyekundu."

Fundi bado hakuwa mtu wa kukubali upesi. Aliushika mkono wa Mwalimu. Ulikuwa laini.

"Mikono hii ndiyo inayonyanyua vyuma?"

"Miaka kumi na tano sasa." Mwalimu alichomoa vitambaa vyote kwenye mpini. "Hivi umeviweka vya nini?"

"Mpini uwe laini."

"Mpini umekuwa mnene, kwa hiyo unaukaba zaidi. Na kitambaa kinajikunja, kinakusugua. Nionyeshe unavyoshika, bila kunyanyua."

Fundi aliukamata mpini katikati ya kiganja, akaukaza mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Unamnyonga nani?" Mwalimu aliuliza. Wifi alicheka kidogo bila kutaka.

"Mpini ukikaa katikati, ngozi inabanwa," alisema Mwalimu. "Uweke hapa, kwenye mashina ya vidole. Vidole viwe ndoano. Chuma kikipanda, legeza mkono kidogo. Usikiachie, legeza tu. Kikishuka, kishike vya kutosha. Nguvu itoke kiunoni na miguuni."

"Na mafuta? Mimi hujipaka kabla sijaanza."

"Utakitupa dirishani! Mikono iwe mikavu. Mafuta ni ya kulalia. Sugu zisugue na jiwe la kusugulia nyayo ukitoka kuoga, taratibu, zilingane na ngozi. Usizimalize zote, zinakulinda. Ngozi ikianza kuwaka moto, tua chuma. Na sasa pumzika mpaka vidonda vipone."

"Na gauni?" Fundi aliuliza. "Keshokutwa ni Jumamosi."

Mwalimu alichukua suruali yake. "Mimi sijui kushona," alisema. "Lakini mikono inayoteleza kwenye satini nimeiona humu ndani."

Akaondoka. Wakabaki wawili.

Fundi alimgeukia wifi. "Wifi, nimekuonea. Nilitaka kumwambia kaka yako akuondoshe. Naona aibu. Nisamehe."

Wifi alifuta machozi. "Imeniuma sana," alisema. "Niliacha hata kuimba kwenye nyumba ya kaka yangu."

"Najua. Nilisikia kimya chako, nikakishuku nacho."

Wifi alitikisa kichwa, akacheka na kulia kwa pamoja. "Lete hilo gauni."

Fundi alielekeza tu, mikono mgongoni. Wifi alikata kifua kipya kutoka kwenye satini iliyobaki, akakishona. Nyuzi za ubavuni akazivutia ndani kwa sindano, moja moja. Jumamosi bibi harusi alijitazama kiooni, akageuka mara tatu, akatabasamu.

Vidonda vilipopona, Fundi alirudi kwenye chuma chake, mpini ukiwa mtupu, kwenye mashina ya vidole. Baada ya wiki sita alipitisha satini kiganjani. Ikateleza. Maumivu ya mgongo nayo hayakumrudia.

Siku hiyo alivua futi yake, ufunguo ukiwa umefungwa pale pale, akamvika wifi shingoni.

"Wa kabati?" wifi aliuliza. "Na uzi ukivutika tena?"

"Kagua mikono yangu kwanza," alisema Fundi.

Wifi akaenda jikoni kuweka chai. Fundi aligeuza kiti chake kitazame dirisha, akasikiliza mtu anaimba.