Filamu Iliyosikilizwa Karoni

Kila siku alipotoka shule, Najiat alivua sare, akala chakula alichofunikiwa na bibi yake, kisha akabeba masufuria kwenda karoni. Karo la nyumba yao ya Isevya, mjini Tabora, lilipakana na kibanda cha video cha Selemani, ukuta wa mabati tu ukivitenganisha. Kwa hiyo Najiat aliosha vyombo huku akisikiliza filamu.

Selemani hakuwa mtu wa kuiacha filamu iseme yenyewe. Iwe ya Kikorea au ya Kituruki, alishika kipaza sauti akaitafsiri kwa Kiswahili, kila mhusika kwa sauti yake, na utani juu. Watu walimpenda. Walisema filamu bila Selemani ni mboga bila chumvi.

Najiat alikuwa na miaka kumi na tatu, na siku hizo hakuna kilichomchekesha. Mama yake alikuwa amefariki. Arobaini ilisomwa juzi tu. Hakulia msibani, wala baada ya hapo. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliamka, akaenda shule, akajibu maswali, akarudi. Wenzake wakicheka, naye alicheka kidogo ili wasimuulize.

Kitu kimoja tu alikitaka bado: kuwa mhakiki kama Majidi, mjomba wake. Mjomba Majidi aliandika kuhusu filamu na muziki katika gazeti la kila wiki, na Jumamosi alasiri alikuwa na kipindi redioni. Filamu nyingine alizifuata hadi Nzega. Majirani walimtania, "Hiyo nayo kazi? Kuangalia sinema kisha kulalamika?" Yeye alitabasamu, akaendelea kuandika.

"Niandikie uhakiki wa filamu moja," alimwambia Najiat wiki hiyo. "Ukiwa mzuri, utausoma mwenyewe redioni Jumamosi."

Jumatano, Selemani alionyesha filamu ya Kikorea ya mtoto anayemuuguza mama yake. Bibi alimpa Najiat ruhusa ya kuingia, lakini hakuingia. Kukaa kwenye benchi katikati ya watu kulimchosha hata kabla hajaanza. Alibaki karoni, akasugua sufuria moja kwa muda mrefu. Mwishoni alimsikia Selemani akisema, "Mama kajifunika gubigubi! Baridi ya huko si mchezo, jamani. Mwacheni alale, kesho asubuhi anarudi nyumbani kupika." Mle ndani watu waliguna, mmoja akapiga mluzi.

Kabla ya magharibi Najiat alikuwa amejaza kurasa mbili. Alimalizia hivi: "Mama alipopona nililia kwa furaha, machozi yakanilowesha."

Ijumaa baada ya swala, mjomba alikuja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Lete daftari tuone."

Alisoma mara moja, akarudia. Kisha akavua miwani.

"Ulikaa wapi ulipoiangalia?"

"Benchi la mbele, mjomba."

"Sweta ya yule mama ilikuwa ya rangi gani?"

Najiat alitazama vidole vyake vya miguu. "Nyekundu."

"Ni ya kijani. Na mwishoni ikawaje?"

"Mama alipona."

"Najiat, filamu hii nimeiangalia mara mbili. Yule mama alikufa."

Neno hilo lilimpita Najiat bila kumgusa. Aliona aibu kidogo, basi. Alichoogopa ni Jumamosi kumponyoka.

Mjomba hakugomba. Alimshika mkono, wakaenda kibandani. Hapakuwa na wateja saa hiyo. Selemani alipoulizwa kuhusu mwisho wa filamu, alivua kofia akaanza kuikunjakunja.

"Kosa langu, bwana Majidi. Nilichungulia kwenye tundu la bati nikamwona mtoto yuko karoni na masufuria yake. Msiba wenyewe bado mbichi. Ulimi ukakataa kusema yule mama kafa. Wateja waliniona nimerukwa na akili."

Mjomba alimgeukia Najiat. Uongo wa benchi la mbele ulikuwa umeanikwa juani.

"Tuwekee tena, tafadhali," mjomba alisema. "Bila sauti. Na wewe usitafsiri."

Wakaangalia kimya. Shuka jeupe lilimfunika mama mpaka kichwani. Asubuhi yake kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto aliikunja sweta ya kijani, akaikunjua, akaikunja tena. Alifanya hivyo mara tatu, kwa sababu hakujua pa kuiweka.

"Umehisi nini?" mjomba aliuliza.

"Sijahisi kitu." Najiat alijibu. "Najifanya tu, mjomba. Hata kwenye daftari nilijifanya. Sijalia tangu mama azikwe. Labda mimi ni mtoto mbaya."

Mjomba Majidi alimsogelea kwenye benchi.

"Tangu dada azikwe nimeandika kuhusu filamu sita," alisema. "Zote nimeziita za kuvunja mbavu, na sikucheka hata mara moja. Niliwasikiliza waliokaa karibu yangu wakicheka, nikaandika. Mimi na wewe tumeosha vyombo karo moja."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunaandika upya. Sote wawili."

Jumamosi mjomba alianza kipindi kwa kuwaomba radhi wasikilizaji kuhusu zile filamu sita. Kisha akamsogezea Najiat kipaza sauti. Najiat alisoma polepole:

"Mara ya kwanza sikuiangalia filamu hii. Niliisikiliza karoni, nikaandika kwamba nililia. Nilidanganya. Mara ya pili niliiangalia bila sauti. Mama anakufa. Mtoto halii. Anakunja sweta ya mama yake mara tatu. Mimi pia sikulia. Lakini mikono ile naijua. Ndivyo ninavyosugua masufuria."

Waliporudi nyumbani, Bibi Maua alikuwa amekaa kwenye mkeka, redio pembeni yake. Yule aliyezikwa alikuwa binti yake.

"Kaeni," aliwaambia. "Babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji. Akirudi, watu walimzunguka wakimuuliza, 'Umeona nini huko?' Mwaka mmoja aliugua njiani, akageuza. Angeweza kutunga, nani angejua? Akasema, 'Safari hii sikufika.' Tangu siku hiyo, akisema amefika, hakuna aliyembishia. Na nyinyi kazi yenu ndiyo hiyo. Mlipofika, semeni. Msipofika, semeni hamkufika. Hata kilio ni hivyo hivyo, mjukuu wangu na mwanangu. Kisipokuja, msikitunge."

"Tumesikia, Mama," mjomba alijibu.

Jua lilikuwa bado kali. Najiat alibeba masufuria kwenda karoni kama kawaida, akaanza kusugua. Bibi alimfuata, akasimama nyuma yake akimtazama.

"Mjukuu wangu," alisema, "hilo sufuria limetakata siku nyingi. Liweke chini."

Najiat akaliweka chini. Ndipo alipolia.