Sweta Nyekundu kwenye Seng'enge

Soko la Kericho lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na mikono miwili ikashika jozi moja ya viatu vya mbio kwenye rundo la mitumba. Mmoja ulikuwa wa Chelimo, mwalimu mgeni wa hesabu, aliyevaa rinda la kijani na skafu nyeupe. Mwingine ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye jaketi la michezo la buluu.

"Dada, hivi si saizi yako."

"Wala si yako. Ni vya mwanafunzi wangu, Janeffer."

Mwanamume akacheka mpaka muuzaji akageuka. "Janeffer wa Kidato cha Nne? Huyo ni mkimbiaji wangu! Mimi ni Seth, mwalimu wa michezo. Kumbe wewe ndiye madam mpya anayemnyima usingizi na hesabu?"

"Na wewe ndiye unayeniletea mtoto darasani amechoka kama punda?"

Wakanunua viatu pamoja, wakala mahindi choma pamoja. Janeffer alikuwa akitafuta nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo kinachopokea wakimbiaji. Chelimo akawa anamsaidia na hesabu na maombi ya chuo, Seth akimnoa miguu, na jioni simu zao hazikutulia.

"Chamgei, mrembo wangu," Seth, mzaliwa wa kando ya ziwa, alikuwa akisalimu kwa Kikipsigis chake kilichovunjika.

"Chamgei, mtu wa ziwa. Umekula?"

"Nimekula. Nimekosa tu mtu wa kunicheka."

Jambo moja halikuwa na mzaha. Kiptum, kaka yake Chelimo, aliuawa na radi akitoka mazoezini kule Ndanai.

"Niahidi," Chelimo alimwambia Seth. "Mawingu yakitanda, hakuna anayetoka."

Seth aliahidi.

Shule yao ilikuwa ukingoni mwa mji, imepakana na mashamba ya chai. Wakimbiaji walikuwa na desturi yao: anayetoka hutundika sweta yake nyekundu ya shule kwenye ua wa seng'enge, akirudi huishusha. Hata ukiwa ng'ambo ya bonde, ukiuona wekundu ule, unajua kuna mtu bado yuko nje.

Wiki ya mbio za majaribio, alasiri moja, mbingu ikawa nyeusi ghafla. Chelimo akachungulia dirishani mwa ofisi ya walimu. Kwenye seng'enge kulikuwa na sweta moja nyekundu, na kando yake jaketi la buluu.

Ameahidi, kisha ametoka! Akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika.

"Basi, Seth," akasema peke yake. "Mimi na wewe tumemalizana."

Lakini akapiga tena.

Mvua ya mawe ikaanza kugonga mabati. Mlango ukafunguka kwa kishindo, Janeffer akaingia ameloa chapachapa.

"Mwalimu Seth yuko wapi?" Chelimo akauliza.

"Sijamwona, Madam. Leo alitukataza mazoezi. Ni mimi nilitoroka. Nikasikia ngurumo, nikaogopa, nikaingia na geti ya jikoni."

"Na sweta yako?"

Janeffer akaziba mdomo. "Bado iko kwa fensi."

Chelimo akageukia dirisha, akaelewa. Seth aliiona sweta ile, akatundika jaketi, akamfuata mtoto. Sasa yuko huko kwenye chai, anatazama huku, anaona sweta bado inaning'inia. Hatarudi. Atatafuta mpaka radi impate.

"Madam, usiende! Ile ni waya, itavuta radi!"

Chelimo alivua viatu akakimbia. Katikati ya uwanja mbingu ikapasuka, akachutama, mikono masikioni, akiita jina la Kiptum bila kujua. Akainuka. Akafika kwenye seng'enge, akainyakua sweta mpaka ikachanika bega. Mfuko wa jaketi ulikuwa umevimba kwa simu. Jaketi lenyewe hakuligusa.

Akarudi chini ya paa la darasa la mwisho, sweta kifuani, macho kwenye lile jaketi. Nyumbani Ndanai, sweta aliyoitundika Kiptum ilikaa kwenye ua mpaka ikapauka. Hakuna aliyethubutu kuishusha.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha chai ikatikisika, na mtu akatokea akikimbia, amejaa matope.

"Janeffer?" Seth akauliza akihema.

"Yuko ndani. Salama."

"Nani ameshusha sweta?"

"Mimi."

Seth akamtazama miguu mitupu, na mawe meupe kwenye nywele. "Wewe? Na radi hii?"

"Nilidhani umevunja ahadi. Nilikuwa nimekuacha."

"Uliniacha lini?"

"Kabla ya mvua. Ikaanza, nikakurudia."

Seth akacheka, meno yakigongana. "Basi nikuoe, Chelimo."

"Unaniuliza kwenye mvua ya mawe?"

"Nikingoja jua la Kericho tutazeeka, mpenzi."

Ngurumo ikapita, mbali sasa, upande wa Kedowa. Chelimo alijua maisha na mtu huyu yangekuwa ya kuchungulia dirishani kila wingu likitanda.

"Kashushe jaketi lako kwanza," akasema. "Halafu uniulize tena."

Jibu alikuwa nalo tayari, lakini alilishikilia mpaka seng'enge ikabaki tupu.