Karai la Nyuki

Kila siku baada ya shule nilikuwa na kazi moja tu, na haikuwa ngumu. Nilivua sare, nikanywa uji uliobaki, nikajaza mtungi wa lita kumi kwenye tangi la kijiji, kisha nikashuka nao hadi shambani kuwanywesha nyuki. Ndiyo, nyuki. Watu wa Voi mjini hucheka nikiwasimulia, lakini huku kwetu chini ya mlima Kasigau, anayekodi shamba hukodi pamoja na nyuki.

Shamba lenyewe lilikuwa la kikundi, limegawanywa ploti ishirini. Kulizunguka kulikuwa na ua wa waya ulioning'inizwa mizinga. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka wamekasirika, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, hugeuka akakimbia. Lakini wakati wa kiangazi nyuki wasipopata maji karibu huhama, tena hawaagi mtu. Kwa hiyo mwenyekiti wa kikundi, Mama Mbithe, alipomkabidhi mtu ploti hakumpa ufunguo. Alimpa karai la bati lenye mawe ndani, ili nyuki wasimame juu ya mawe wakinywa, wasizame. Mtu akizembea nyuki wakahama, alirudisha karai, na ploti yake akapewa mwingine.

Mama yangu, Jedidah, alilingoja karai hilo miaka mitatu. Tangu baba afariki alikuwa akiuza mboga za watu wengine pale Maungu, kando ya barabara kuu. Siku aliyopewa ploti alilisugua karai kwa majivu mpaka likang'aa, ingawa lilikuwa la nyuki.

"Wakio, sasa nitauza jasho langu mwenyewe," aliniambia. "Nyuki nakuachia wewe."

"Usiwe na wasiwasi, Mama," nikajibu, nikijiona mkubwa.

Mizinga ya upande wetu tulishirikiana na jirani wa ploti, Babu Kimeu. Wiki moja ilikuwa zamu yake, na karai lake liliwekwa kwenye kona. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yetu, na letu likawekwa. Babu Kimeu alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, na alilima ploti yake peke yake tangu mkewe, Ndeti, afariki. Siku hizo alikuwa ameanza kusahau mambo. Alisahau jembe shambani, akaenda kulitafuta nyumbani. Mara mbili aliniita kwa jina la bintiye. Watu walimtania, naye alicheka pamoja nao, ila kicheko kilipoisha alipapasa mifuko yake kama anayetafuta kitu.

Kufikia mwezi wa Februari matikiti yetu yalikuwa yamekomaa. Yalikuwa mengi na makubwa, na Mama alikwisha kuzungumza na mnunuzi wa Voi aje wiki inayofuata. Karo yangu, viatu vyangu na paa la jikoni vyote vilikuwa ndani ya matikiti yale. Kisha dada yake Mama akaugua, ikabidi Mama aende Voi kumuuguza kwa wiki nzima. Mimi nikaachwa kwa akina Shantel, rafiki yangu. Ilikuwa zamu yetu ya maji.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Morris alikuwa akichagua timu ya netiboli, na mazoezi yalifanyika baada ya masomo. Jumatatu nilijiambia nyuki watavumilia siku moja. Jumanne nilijiambia hivyohivyo. Jumatano nilikuwa nimechaguliwa, na nyuki sikuwakumbuka kabisa. Kila jioni Mama alipiga simu kwa mama yake Shantel akaomba kuongea nami.

"Nyuki wamekunywa?"

"Wamekunywa, Mama."

"Asante, mwanangu. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Nilijibu hivyo kila jioni, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ajabu ni kwamba kila siku uongo ulizidi kuwa mwepesi mdomoni.

Jumamosi nilikimbia shambani na mtungi wangu. Karai lilikuwa kavu, na chini ya mawe kulikuwa na nyuki wachache waliokufa. Nilijaza maji upesi, nikasimama kuwasubiri wengine. Hakuna aliyekuja. Nilitega sikio karibu na mizinga, nayo ilikuwa kimya. Nilijua walikuwa wamehama. Nilijua kabisa, na bado sikumwambia mtu yeyote. Nilichukua karai letu nikaenda nalo nyumbani, kwa sababu Jumatatu ilikuwa zamu ya Babu Kimeu.

Ndovu waliingia usiku wa Jumanne.

Asubuhi tulipofika, Mama aliyekuwa amerudi juzi yake alisimama kwenye kona ya ploti akashindwa kupiga hatua nyingine. Hapakuwa na tikiti hata moja lililobaki zima. Waya ulikuwa umelala chini, mizinga imepasuka, na ndani yake hamkuwa na kitu ila masega makavu. Mahindi ya Babu Kimeu yalikuwa yamelazwa yote, na mlimau uliopandwa na marehemu mkewe ulikuwa umeng'olewa na mizizi yake. Mama alichutama akaanza kuokota mbegu za matikiti kwenye udongo uliolowa maji yake, mojamoja, akiziweka ndani ya leso. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na watu wakanihurumia.

"Zamu ilikuwa ya nani?" Mama Mbithe aliuliza.

"Yangu," alisema Babu Kimeu.

"Uliweka maji, mzee?"

"Niliweka. Jumatatu niliweka, na jana pia." Alisita, akapangusa paji la uso. "Nadhani niliweka."

Watu wakatazamana. Gibson, mwenye ploti ya upande wa pili, akasema kwa upole, "Mzee, juzi ulitafuta kofia yako na ulikuwa umeivaa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Babu Kimeu alitazama mikono yake. "Basi huenda sikuweka," akasema. "Kichwa hiki sikiamini tena."

Ningeweza kusema pale pale. Midomo ilifunguka, nikaifunga.

Kikao kiliwekwa kesho yake jioni, palepale shambani. Babu Kimeu alifika amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alibeba karai lake, lililopondwa na ndovu likawa bapa. Alikuwa amejaribu kulinyoosha kwa nyundo, mabonde ya nyundo yakionekana. Alimpa Mama Mbithe kwa mikono miwili.

"Nisameheni," alisema. Kisha akamgeukia mama yangu. "Hasa wewe, Mama Wakio. Nimemaliza jasho lako."

Mama alimshika mkono. "Hukukusudia, mzee."

Hapo ndipo niliposhindwa. "Ni mimi!" nilipiga kelele. "Babu aliweka maji! Nyuki walihama wiki yangu. Sikuweka hata siku moja mpaka Jumamosi. Nilimdanganya Mama kwenye simu kila siku!"

Babu Kimeu alinitazama, macho yake yakajaa maji.

"Kumbe niliweka," akasema polepole. "Kumbe niliweka."

Mama aliuachia mkono wa mzee, akaondoka bila kunitazama. Nilidhani amekwenda zake. Aliporudi alikuwa amebeba karai letu, lile alilolisugua kwa majivu. Hakungoja kuambiwa. Mama Mbithe alilipokea karai hilo huku akilia, maana kanuni ilikuwa kanuni, naye ndiye aliyemtia moyo Mama miaka yote mitatu. Lile bapa alimrudishia Babu Kimeu.

Tulipofika nyumbani nilipiga magoti. "Nipige tu, Mama."

"Nikupige, matikiti yarudi?" Aliketi kwenye kigoda, akanikalisha karibu yake. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sikiliza, Wakio. Shamba limeniuma, sitakuficha, na litaniuma kwa siku nyingi. Lakini shamba nitalingoja tena, kama nilivyongoja. Yule mzee alikuwa amebakiwa na akili yake tu, na siku mbili hizi wewe uliiona ikitoka mikononi mwake ukanyamaza. Kusahau maji ni uzembe, na uzembe hurekebishwa. Ukisema uongo, mzigo wako haupotei. Kuna mtu mwingine anaubeba, na mara nyingi ni yule asiye na nguvu za kuubeba."

Mimi simo tena kwenye timu ya netiboli, nilijitoa mwenyewe. Jina la Mama liko chini kabisa kwenye orodha ya wanaongoja ploti, na mbegu zile bado zimefungwa ndani ya leso. Kila siku baada ya shule navua sare, nakunywa uji uliobaki, najaza mtungi na kushuka hadi kwa Babu Kimeu. Ananingoja kwenye kona, karai lake lenye mabonde liko tayari. Mizinga mipya imetundikwa, ila nyuki hawajaja.

Tunamwaga maji pamoja. Halafu mimi husema kwa sauti, ili asikie vizuri, "Babu, leo umeweka."