Shingo ya Bisikete

Kila asubuhi Litia ndiye aliyetangulia kuamka. Aliwasha moto nyuma ya nyumba, akateleka sufuria ya mihogo, akachuma majani ya mlimau kwa ajili ya chai. Mumewe, Apenisa, alikunywa chai yake akiwa amesimama. Kisha alikwenda soko la Nausori kushusha mizigo. Zamani alikwenda karibu kila siku. Mwaka ule malori yalipungua, na kazi ikapungua nayo.

Walikuwa na mbwa mmoja. Jina lake Bisikete, kwa sababu rangi yake ilikuwa ya biskuti iliyoungua kidogo. Shingoni alikuwa na manyoya mengi. Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe wasifukue mihogo.

Zamani Bisikete alilala mlangoni. Sasa alilala nyuma ya nyumba, chini ya tangi la maji. Mtu akipita barabarani hakuweza kumwona. Apenisa ndiye aliyemhamishia huko.

Sababu ilikuwa harufu.

Bisikete alipokuwa mdogo alipenda kukimbiza kuku wa watu. Apenisa akamfunga kwa kamba ya nailoni, ile ya kuvulia samaki. Mbwa alipoacha mchezo ule, Apenisa aliikata kamba, lakini kitanzi cha shingoni akakiacha. Aliona hakina neno. Mbwa akakua. Shingo ikanenepa, lakini kitanzi kilibaki vilevile. Taratibu kikazama ndani ya manyoya, kisha ndani ya ngozi. Siku Litia alipomshika shingo, vidole vyake vilitoka na usaha.

"Baba Netani," Litia alimwambia mumewe, "huyu anaoza akiwa hai."

Apenisa alipiga simu kliniki ya wanyama mjini. Aliuliza bei ya kutibu kidonda cha mbwa. Alisikiliza kidogo. Akasema asante, akakata. Jina lake hakulitaja.

"Wamesemaje?" Litia aliuliza.

"Wametaja bei ya watu wenye magari."

"Ungewaambia huna."

"Nimwambie mtu nisiyemjua kwamba sina kitu? Tena kwa ajili ya mbwa?"

"Basi tumuulize Anjila. Si anafanya kazi palepale kliniki? Nyumba yake hii hapa, ng'ambo ya barabara."

"Anjila akiona shingo ile, ataniona mimi mtu wa namna gani? Hapana, Mama Netani. Nitamtibu mwenyewe."

Alianza kwa maji ya chumvi. Bisikete alilia, lakini kidonda hakikupona. Kisha mtu mmoja sokoni akamwambia ajaribu oili chafu ya gari. Apenisa akampaka. Mbwa akajilamba, akatapika usiku kucha. Asubuhi hakula.

"Umemlisha sumu," Litia alisema.

Apenisa alikwenda nyuma ya nyumba. Alichukua gunia akalitundika mbele ya tangi, kama pazia.

Jioni wanaume wa mtaa walikaa kwa Emosi kunywa yaqona, kinywaji cha mizizi iliyotwangwa. Emosi alikuwa jirani wa pili, na tena binamu yake Apenisa. Huko kwao mabinamu ni watani. Wanasemana chochote na hakuna anayekasirika.

"Jamani, sogeeni," Emosi alisema. "Binamu yangu amekuja. Apenisa, hiyo harufu inayotoka kwako ni ya nini? Umeanza kuoga mara moja kwa mwaka?"

Watu wakacheka. Apenisa akacheka kuliko wote.

"Ni panya," alisema. "Amekufa chini ya sakafu."

"Panya huyo alikuwa na ukubwa wa ng'ombe!"

Wakacheka tena. Apenisa alipewa kifuu chake cha yaqona. Alipiga kofi, akakinywa chote kwa mkupuo, akaaga mapema. Njiani aliona uso unamchoma.

Jumamosi Emosi alimtuma binti yake, Kelera, kupeleka bakuli la majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi. Kelera alikuwa na miaka sita. Alimpenda Bisikete tangu mbwa huyo akiwa mdogo. Aliweka bakuli mlangoni, akazunguka nyuma, akainua gunia.

"Bisikete! Mbona umejificha?"

Akamkumbatia shingoni.

Litia alisikia mlio wa mbwa, kisha ukelele wa mtoto. Alipofika, Kelera alikuwa amekaa chini na mkono wake unatoka damu. Bisikete alikuwa amerudi kwenye kona, anatetemeka.

Litia hakungoja. Alimbeba mtoto hadi kwenye bomba la tangi, akafungulia maji, akachukua sabuni.

"Inauma, shangazi! Inauma!"

"Lia, mwanangu. Lia sana. Lakini mkono uache hapa kwenye maji."

Aliosha, akaosha tena, maji yakiendelea kutiririka. Apenisa naye alikuja, akasimama tu mbele ya gunia, mikono inaning'inia.

Emosi alikuja mbio. Mkononi alikuwa na panga la kulimia magimbi.

"Yuko wapi?"

Litia aliendelea kumwosha mtoto.

"Apenisa, nimekuuliza. Mbwa wako yuko wapi?"

Apenisa alikuwa amesimama mbele ya gunia. Wakati ule wazo moja lilimpitia. Panga likishuka mara moja, yote yataisha. Harufu itaisha. Shingo ile hakuna atakayeiona tena.

Akajisogeza pembeni.

Bisikete alimwona bwana wake kupitia nafasi ile. Akalaza kidevu chini, akatikisa mkia.

"Kaka Emosi! Weka panga chini!"

Alikuwa Anjila Devi. Alikuwa amevuka barabara bila viatu, unga wa chapati ungali mikononi.

"Amemng'ata mwanangu!"

"Nimeona. Basi mpeleke mwanao hospitali. Litia amefanya vizuri kumwosha, lakini jeraha la mbwa halitibiwi nyumbani. Visiwa hivi havina kichaa cha mbwa, tushukuru, lakini meno yana uchafu wake. Nenda sasa. Mbwa huyu mimi nitakaa naye."

Emosi alimtazama Apenisa. Hakutoa neno la utani, wala la matusi. Aliliacha panga palepale, akambeba binti yake, akaondoka. Ukimya ule ulimwumiza Apenisa kuliko kama angetukanwa.

Anjila alipiga magoti mbali kidogo na mbwa. Alizungumza naye polepole mpaka akaacha kutetemeka. Kisha akapanua manyoya ya shingo kwa vidole. Akafumba macho kidogo.

"Nani amemfunga kamba hii?"

"Sijui," Apenisa alisema. "Labda watoto wa barabarani."

Litia alikuwa bado ameshika sabuni. Alimtazama mumewe, kisha akaingia ndani.

Anjila alipiga simu kliniki, akamfunga mbwa mdomo kwa kitambaa, na gari la kliniki lilipofika wakampakia. Apenisa alikwenda naye. Njia nzima kichwa cha Bisikete kilikuwa mapajani pake.

Daktari alimchoma mbwa sindano ya usingizi. Akanyoa manyoya. Hapo Apenisa akaona kile alichokuwa anakificha chini ya tangi. Kidonda kilizunguka shingo yote, kirefu, chekundu. Daktari alikata kamba kipande kwa kipande, akavitoa kwa koleo ndogo, akaviweka kwenye sahani. Kipande cha mwisho kilikuwa na fundo. Apenisa alilijua fundo lile. Alikuwa amelifunga yeye, kwa mikono yake hii.

Walipotoka nje kungoja, alisema, "Dada Anjila, si watoto wa barabarani. Ni mimi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Niliuona uso wako lile fundo lilipotoka. Tena ile simu niliipokea mimi, kaka. Nilidhani nimeifananisha sauti. Nilikuwa bado nasema, wewe ukakata."

"Ulitaja bei. Nikaona haya."

"Nilitaja bei, ndiyo. Nilikuwa nataka kukwambia kwamba kila mwezi kuna siku ya watu wasio na uwezo. Wanatibiwa wanyama wao kwa walicho nacho. Wengine wanalipa kidogo kidogo. Wengine hawalipi, wanafanya kazi hapa. Ungesema neno moja tu: sina. Tungemtibu wakati ule kidonda ni kidogo."

Apenisa aliinamisha kichwa.

"Mimi niliona kwamba mtu asiye na pesa hana ruhusa ya kuja hapa."

"Nisikilize, kaka. Kukosa pesa si kosa. Lakini mnyama uliyemfuga hana mtu mwingine. Hawezi kupiga simu. Wewe ndiye mdomo wake. Ukiwa huna, sema mapema. Ukiona huwezi kabisa kumtunza, tuletee, tumtafutie mtu mwingine. Usimtupe barabarani, usimfiche. Na oili ya gari usimpake mnyama yeyote. Inapita kwenye ngozi, na akijilamba inamuua."

"Na kamba?"

Anjila aliinua vidole viwili.

"Kamba haikuhitaji pesa hata senti. Ungepitisha vidole viwili kati ya kamba na shingo. Vikipita, sawa. Visipopita, legeza. Kwa mbwa mdogo unafanya hivyo kila wiki, maana anakua."

Apenisa alifunika uso kwa mikono. Muda wote alikuwa anajiambia kwamba umaskini ndio uliomfikisha pale. Sasa hakuweza kujiambia hivyo tena.

Jioni ileile alitafuta mizizi mizuri ya yaqona, akaifunga kwa kamba ya mgomba. Litia alimwona.

"Unakwenda kwa Emosi?"

"Nakwenda kuomba radhi."

"Utasema yote?"

"Yote."

Litia akachukua kanga yake. "Basi twende wote. Na mimi niliiona shingo ile, nisimwambie Anjila."

Emosi alikuwa amekaa sebuleni kwenye mkeka. Kelera alilala karibu naye, mkono umefungwa bendeji. Apenisa aliingia akiwa ameinama. Alikaa chini karibu na mlango, mahali pa mtu wa mwisho. Akaweka mizizi mbele yake. Litia akakaa nyuma yake.

"Ndugu yangu," Apenisa alisema. Siku hiyo hakusema binamu. "Nimekuja na mzigo huu mdogo kwa sababu ya damu ya mtoto wako. Mbwa hakukosa. Nimekosa mimi. Nilimfunga kamba nikaisahau. Ikamla shingo. Nikaona haya, nikamficha. Kelera alimshika penye kidonda. Tena nikamdanganya Anjila kwamba watoto wa barabarani ndio waliomfunga. Na wewe ulipokuja na panga, nilikupisha. Nilitaka umuue ili asiwepo wa kunishitaki."

Aliendelea kutazama mkeka.

Emosi alimtazama binti yake. Mtoto aligeuka usingizini. Mwishowe Emosi alinyoosha mkono, akaigusa ile mizizi, akapiga makofi mazito matatu, kama desturi.

"Nimeipokea," alisema. "Daktari amesema mkono utapona. Tusilitie neno hili moyoni."

Kisha akashusha pumzi.

"Lakini na mimi nina langu. Ile harufu niliijua. Nimekulia kwenye nyumba yenye mbwa, siwezi kushindwa kutofautisha panya na kidonda. Nikafanya mzaha mbele ya watu. Ningekuja nyumbani kwako peke yangu, nikuulize, pengine mwanangu asingeng'atwa."

Mke wa Emosi akaleta chai.

Bisikete alikaa kliniki mpaka nyama ya shingo ilipoanza kufunga. Daktari alishauri ahasiwe wakati uleule, ili asizurure na asizalishe watoto wasio na wa kuwalisha. Apenisa alikubali. Kila Jumamosi alikwenda kliniki kufyeka majani na kuosha mabanda. Mara ya kwanza alivaa kofia na kuishusha mpaka machoni, asijulikane. Mara ya tatu aliivua, kwa sababu jua lilikuwa kali na watu walikuwa wamekwisha kumjua.

Huko aliona wengine kama yeye. Mama mmoja alileta paka ndani ya kikapu, akakaa nje ya geti bila kuingia. Apenisa aliacha kufyeka, akamwendea.

"Mama, ingia."

"Sina pesa, baba."

"Kaseme hivyo hivyo. Watakusikiliza."

Bisikete alirudi nyumbani, akalala mlangoni. Gunia lilitumika kubebea mihogo. Kelera aliogopa mwezi mzima. Baadaye alianza kuja na baba yake, akakaa mbali, akamwita mbwa kwa jina. Litia alimfundisha kungoja mpaka mbwa aje mwenyewe, na kutomkumbatia mbwa yeyote, hata anayemjua.

Kidonda kilipona, lakini manyoya hayakuota tena mahali pale. Shingoni kulibaki duara la ngozi tupu, kama pete. Apenisa alipokwenda naye sokoni, watu waliuliza. Mwanzoni alitamani kusema ni ajali.

Siku moja dereva wa lori, mtu asiyemjua, alimtazama Bisikete akacheka.

"Mzee, mbwa wako amevaa mkufu! Nani amemnyoa hivyo?"

"Hajanyolewa," Apenisa alisema. "Nilimfunga kamba akiwa mdogo, nikasahau kuilegeza. Ikaingia ndani ya nyama. Ni mimi."

Aliona uso unamchoma, kama siku zote. Lakini hakutazama pembeni.

Dereva aliacha kucheka. Alichuchumaa, akaitazama shingo ile kwa muda. Kisha akasimama, akapapasa mifuko yake kutafuta funguo.

"Mbwa wangu naye nimemfunga kamba tangu Krismasi," alisema.

Mzigo ulikuwa haujaisha kushushwa. Aliwaomba vijana wamsubiri, akawasha lori, akaenda nyumbani.