Oda ya Afande na Tarehe Iliyogeuka

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kubadili sare, kugeuza mayai kwenye mashine ya kutotolesha, na kuosha vyombo vya mchana. Zote tatu alizimaliza kabla watoto wengine hawajavua viatu, na ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina lake halisi. Lakini ungepitisha kidole kwenye sahani zake, kingerudi na mafuta ya kutosha kukaangia yai.

Mama yake alikuwa akitotolesha na kuuza vifaranga. Watu walimwamini kwa sababu moja: akikuambia vifaranga wako watakuwa tayari siku fulani, siku hiyo utawakuta ndani ya boksi wanalia. Yai likae siku ishirini na moja kwenye mashine, basi, hakuna longolongo.

Mwezi wa tatu, kaka yake Chapuchapu, ambaye kazi yake ni kutengeneza kurasa za mtandao, alimtengenezea mama ukurasa wa kupokea oda. Mteja anaandika idadi ya vifaranga na kuchagua tarehe ya kuwachukua, na oda inatokea kwenye simu ya mama. Kabla ya kuufungua kwa wateja, kaka alimwita mdogo wake.

"Ingiza oda kumi za majaribio," alisema. "Tarehe mbalimbali, idadi mbalimbali. Kila moja, angalia kwenye simu ya mama kama imetokea sawasawa."

"Sawa, kaka."

Chapuchapu alianza na siku yake ya kuzaliwa, tarehe tano mwezi wa tano, vifaranga mia moja. Simu ya mama ikaonyesha 05/05, vifaranga 100. Safi kabisa. Nje, wenzake walikuwa wanaruka kamba, na alisikia wakihesabu. Akarudia oda ileile mara tisa, akatoka mbio.

"Umejaribu zote?" kaka aliuliza baadaye.

"Zote kumi. Hakuna hata moja iliyokosea."

Kwa hesabu za wakili mjanja, hakusema uongo.

Wateja wengi waliendelea kupiga simu kama zamani. Katikati ya Aprili ikaingia oda ya kwanza ya mtandaoni, tena kubwa: vifaranga mia tatu, 06/05. Mteja alikuwa mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande, mzee wa kupiga pasi hata kamba za viatu. Mama akahesabu siku zake, akaweka mayai kwenye mashine tarehe kumi na tano. Asubuhi ya tarehe sita Mei wakaanguliwa vifaranga mia tatu na wanne, wakipiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu.

Afande hakutokea. Chapuchapu aliporudi kutoka shule, mama alikuwa anampigia simu, sauti ikisikika chumba kizima.

"Afande, vifaranga wako wanakusubiri."

"Wananisubiri mimi? Mama, mimi nimeagiza tarehe tano Juni. Banda langu halina hata paa."

"Uliandika tarehe sita Mei. Ninayo hapa kwenye simu."

"Miaka thelathini jeshini sijawahi kukosea tarehe, nije nianze leo kwa kuku?"

Mama alikuwa mtu wa kukasirika taratibu, lakini akikasirika, anakasirika kweli. Akamwambia kwamba mtu mzima kama yeye hakupaswa kuwa kigeugeu. Afande akaaga kwa heshima, akakata simu.

Mashine ilikuwa inasubiri mayai mengine, kwa hiyo vifaranga wakahamia sebuleni. Wengi walijazwa kwenye maboksi yenye balbu za kuwapa joto. Waliobaki wakapewa beseni la kufulia, kisha sufuria kubwa. Mmoja alilala ndani ya kiatu cha kaka, na aliacha ushahidi.

"Huu ukurasa siutaki tena," mama alisema, akiondoa kifaranga begani. "Kesho narudi kwenye daftari langu. Na yule Afande simuuzii hata unyoya."

"Lakini mama, tuliujaribu," kaka alisema. "Tena mara kumi. Muulize huyu." Akamtazama mdogo wake bila shaka yoyote usoni, na kuaminiwa huko ndiko kulikomchoma Chapuchapu.

Akaichukua simu ya mama. 06/05. Akaigeuza kichwani: tarehe tano, mwezi wa sita. Kisha akaikumbuka ile tarehe yake, 05/05, ambayo hata uigeuze mara mia itabaki vilevile. Angenyamaza, nani angejua? Mama angerudi kwenye daftari, na mambo yangeisha. Lakini mzee wa watu alikuwa ameitwa kigeugeu kwa sababu ya mchezo wa kuruka kamba. Chapuchapu aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Mama, Afande hakukosea," alisema. "Mimi nilijaribu tarehe moja tu. Ileile, mara kumi, nikakimbilia kuruka kamba."

Kaka akaingiza tarehe tano Juni. Kwenye simu ya mama ikatokea 06/05. Akajishika kichwa.

"Kile kisanduku cha tarehe nilikichukua kikiwa kimeshatengenezwa," alisema. "Waliokitengeneza wanatanguliza mwezi. Hata mimi nilipaswa kuangalia."

Mama hakugomba. Alivuta kiti. "Kaa hapa, mwanangu. Jaribu tena, na leo hakuna kamba."

Chapuchapu akajaribu taratibu, kwa mara ya kwanza maishani. Mwisho wa mwezi, mwanzo wa mwaka, tarehe kubwa, tarehe ndogo, zote akiandika pembeni. Kisha akaingiza vifaranga elfu moja na mia mbili. Simu ikaonyesha 1.200.

Mama akavaa miwani. "Kifaranga mmoja nukta mbili. Huyo wa nukta mbili anakuja na miguu mingapi?"

Hata kaka alicheka. Kabla jua halijazama alikuwa ameurekebisha ukurasa: mwezi ukaandikwa kwa herufi, 5 Juni, usiweze kugeuka, na maelfu yakatenganishwa kwa mkato kama mama alivyozoea kusoma.

Mama akampigia Afande na kumwomba radhi. Kisha akamkabidhi Chapuchapu simu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Chapuchapu akaeleza yote, bila kuruka hata kamba. Afande alisikiliza mpaka mwisho.

"Jeshini tulikuwa na mmoja wa aina yako," alisema. "Alipewa miavuli kumi ya kurukia kutoka kwenye ndege, aikague. Akakagua mmoja, akaandika yote mizima."

"Ikawaje, babu?"

"Siku ya kuruka tukamwambia atangulie, achague wowote. Akakumbuka ghafla kwamba hakuikagua."

Afande alicheka mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akasema bado anawataka vifaranga wake, ila tarehe tano Juni.

Kwa hiyo kwa mwezi mzima Chapuchapu aliamka mapema kuwapa chakula, kubadili maji na kufagia sebule iliyogeuka banda. Wiki ya kwanza walikufa wanne, naye aliwalilia. Tarehe tano Juni, saa mbili kamili asubuhi, Afande alibisha hodi, akahesabu vifaranga wenye manyoya mazuri, akawapata mia tatu kamili.

"Hawa wameshapata nguvu," alimwambia mama. "Banda lina paa, na wanaingia wakiwa wakubwa. Mjukuu wangu huyu kanifanyia kazi nzuri."

Alipoondoka, mama alisimama karibu na Chapuchapu aliyekuwa anaosha vyombo.

"Ukipewa kitu cha kujaribu, usitafute pale kitakapokubali," alimwambia. "Tafuta pale kitakapokataa, ndiyo kazi uliyopewa. Na ukiona umeharibu, sema mapema kama ulivyosema, kabla mwingine hajabeba lawama yako."

"Nimeelewa, mama."

Chapuchapu akainua sahani aliyokuwa ameshaiosha, akapitisha kidole mwenyewe. Akakitazama kidole. Kisha akairudisha sahani kwenye maji.