Chumba cha Mzee Tuliyemzika

Jioni ile nilikwenda kumkabidhi chumba bibi mmoja asiyeona, katika nyumba ya wazee ya halmashauri. Mimi ni afisa ustawi. Mzee wa chumba hicho tulikuwa tumemzika asubuhi, kwa gharama ya serikali.

Sanduku la mbao nyepesi, wachimba kaburi, na mimi. Wachimbaji wetu hawafukii mpaka mtu wa marehemu atupe udongo wa kwanza.

"Nani wa kwake?" aliuliza msimamizi wao.

Ole wetu, kizazi kinachowatupa waliokizaa. Nikainama, nikaokota udongo.

"Mimi. Ni baba yangu."

Sikuhisi kitu. Nimewafukia wengi, macho yangu yamekauka kama kisima kilichosahauliwa na mvua.

Sasa nikafungua mlango. Harufu ya dawa ya kuchua… na udongo mbichi. Godoro jipya lilikuwa limebonyea katikati.

Bibi alisimama kizingitini na kifurushi chake, akatega sikio.

"Mwanangu, mbona humu mna mtu?"

"Hamna mtu, bibi. Mwenyewe tumemzika leo."

"Basi hajaambiwa. Anavua viatu."

Nikasikia.

Kiatu kikaanguka sakafuni. Kisha… cha pili.

Nilitaka kumwita Yeye asiyesinzia. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kaburi.

"Anasema nini?" nilinong'ona.

"Kwamba binti yake kaja kumchukua. Chumba nikae mimi, yeye sasa ana kwao." Akacheka kidogo. "Mwenzangu kapata. Mimi nilizaa mpaka nikachoka, na hapa nimeletwa na wewe."

Ningeweza kumkana, kama alivyokanwa aliye mkuu kuliko yeye. Lakini bibi huyu alikuwa akilala kwenye korido ya ofisi yetu, juu ya maboksi, na asingelala humu na maiti. Neno nililolitamka kaburini, Mungu alikuwa amelisikia. Na si Yeye peke yake.

"Twende, baba," nikasema.

Godoro likainuka. Polepole. Likanyooka.

Bibi akalipapasa, akaketi. "Haya, nendeni salama."

Njiani sikugeuka nyuma. Ila nilijikuta nikitembea kwa mwendo wa mtu anayemsubiri mzee.

Mume wangu alinifungulia mlango, akanipisha. Hakuufunga. Aliendelea kuushikilia, macho yake yakifuata kitu kilichopita taratibu kati yetu. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," alisema.