Jiko Lililo Tumboni mwa Mbuzi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkate, maana kazi yake ilikuwa kuoka. Alfajiri alikanda unga, asubuhi alioka, mchana aliuza dirishani. Mikate iliyolala ilikuwa chakula cha mbuzi wake, aliyefungwa uani nyuma ya tanuri. Mbuzi huyo alikuwa zawadi ya mama mkwe wake tangu akiwa kitoto, na Mama Mkate alimpenda sana. Sasa mbuzi alikuwa na mimba.

Mama mkwe mwenyewe alifuga mbuzi wa kuzurura vichakani hadi mlimani. Walirudi jioni na miiba kwenye manyoya, na Mama Mkate aliwacheka.

"Mama, wako ni watoro. Wangu anakula mkate kama bwana harusi!"

Mwaka ule mvua ilichelewa. Unga ukaadimika, mikate ikawa inaisha yote dirishani. Mbuzi alilia njaa. Lakini kwenye mlima nyuma ya mtaa, mbuzi mwitu walikula majani machungu ya vichaka na miili yao iling'aa. Mama Mkate akawatazama, akapata wazo. Lilikuwa wazo baya, ila yeye aliliona zuri.

"Mbuzi ni mbuzi," alimwambia mumewe. "Kama wale wanashiba majani yale, wetu ana nini?"

Akakata gunia zima la majani yale. Mbuzi, kwa njaa aliyokuwa nayo, akayafakamia yote.

Kesho yake mbuzi alisimama kichwa chini. Hakula wala hakucheua. Mama Mkate aliingiwa na hofu. Mbuzi akifa, atakufa na mtoto wake tumboni. Na mama mkwe ataambiwa nini?

Mume akamkimbilia jirani yao, daktari wa mifugo. Daktari akaja, akamwekea mbuzi sikio ubavuni, upande wa kushoto. Akasikiliza kwa muda.

"Tumbo limenyamaza," alisema. "Mmempa nini?"

Mama Mkate akaeleza yote.

"Tumboni mwa mbuzi mna vijidudu vingi mno, havionekani kwa macho," daktari alisema. "Hivyo ndivyo vinavyovunja majani yawe chakula."

"Vijidudu? Si ndio ugonjwa huo?"

"Si vyote. Wewe unatia nini kwenye unga ili mkate uumuke?"

"Hamira."

"Hamira ni hai au imekufa?"

"Hai! Ukiimwagia maji ya moto inakufa, na mkate unakuwa jiwe."

"Basi umeelewa kuliko wanafunzi wangu. Mbuzi mwitu anakula majani ya kila aina tangu utotoni. Ana vijidudu vya aina nyingi, na vingine vinayaweza hayo majani machungu. Wako amelelewa kwa mkate. Vijidudu vyake vimezoea mkate, na mkate mwingi nao si mzuri kwake. Umevitwisha mzigo mzito ghafla, vingi vimekufa."

Mama Mkate akashika kichwa. "Sasa nifanye nini, Daktari?"

"Tukope vingine. Nani ana mbuzi mzima, anayekula majani yale ya mlimani?"

Mume akakohoa, akatazama pembeni. Wote watatu walimjua mwenye mbuzi hao.

Basi Mama Mkate akaenda kwa mama mkwe, uso umemshuka.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba maji ya tumbo la mbuzi wako."

Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini. "Maji ya tumbo la watoro?"

"Nisamehe, mama. Mbuzi uliyenipa anakufa."

Kicheko kikakatika. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akaenda kumfungua mbuzi wake mnene.

Daktari, aliyemfuata nyuma, aliingiza mrija wa mpira mdomoni mwa mbuzi huyo hadi tumboni, akavuta maji kidogo. "Hii kazi msijaribu wenyewe," alionya. "Mpira ukiingia mapafuni, mnyama anakufa. Na maji haya yasipoe."

"Hilo niachie mimi," Mama Mkate alisema. Akaifunga chupa kwa kitambaa chenye joto, kama anavyofunika donge la unga, akatembea haraka hadi nyumbani. Daktari akamnywesha mbuzi mgonjwa kwa mpira.

Mume alirudi jioni akamkuta mkewe amekaa chini uani, analia.

"Amekufa?"

"Anacheua!" Mama Mkate alisema. "Mtazame, anacheua!"

Tangu siku ile hakubadilisha chakula ghafla. Alianza na nyasi kavu na konzi ya majani, akaongeza kidogo kidogo, huku akipunguza mkate. Baada ya wiki kadhaa mbuzi alikula majani yale bila shida, na manyoya yake yakalainika.

Mvua iliponyesha, mbuzi alizaa. Mtoto alianguka kwenye majani makavu, amelowa, anatetemeka. Mume akaja mbio na taulo.

"Nimpanguse?"

"Ngoja," alisema daktari, aliyekuwa ameitwa kuangalia uzazi. "Anapumua vizuri. Mwache mama yake amlambe. Kwa kulambwa na kula pamoja naye, mtoto anapata vijidudu vyake vya kwanza."

Mume akarudi nyuma. Mbuzi akainama, akamlamba mwanawe masikio, pua na mdomo. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, na Mama Mkate akaenda akamshika mkono.

"Mama," alisema, "huyu ni mjukuu wa wale watoro wako."